Nyumba salama kwa wanawake wahamiaji: msikimbilie kupanga

SWALI: Sisi ni kikundi cha wanawake kumi na mmoja, wengi wetu tuliwahi kufanya kazi za ndani ugenini. Wanawake wahamiaji hutufuata wakiwa wamenyang'anywa pasipoti au hawajalipwa kwa miezi. Juzi mmoja ametoroka kwa mwajiri wake na nguo alizovaa tu, na habari ya polisi hataki kuisikia. Tumeonyeshwa nyumba ya kupanga yenye vyumba vitatu. Je, tuifanye nyumba salama? Tunalazimika kuripoti hata kama mwenyewe hataki? Na fedha tutazipata wapi? (Katibu wa kikundi)

JIBU: Dada Katibu, nyumba hiyo msiipange kwa kazi mliyoikusudia. Vikundi vidogo hupenda kuanza na nyumba kwa sababu nyumba inaonekana, na mfadhili akija ana mahali pa kuoneshwa. Lakini katika shughuli hizi zote, nyumba salama ndiyo ghali na ngumu kuliko nyingine, na ikivunjika huwaumiza walewale mliotaka kuwakinga.

Pigeni hesabu. Wiki ina saa 168. Ili mtu mmoja awepo zamu usiku na mchana, na kila mtumishi akifanya saa 40 kwa wiki, mnahitaji watu wanne na ziada. Mkiweka likizo na maradhi ni watano. Hapo ni zamu ya mtu mmoja, na usiku haifai mtu abaki peke yake na wakazi wanaoamka wakipiga kelele au wanaogongewa mlango na wasiowajua. Ninyi ni kumi na mmoja, kila mtu na kibarua chake. Mara nyingi inakwenda hivi: miezi miwili ya mwanzo zamu zinajaa, wa tatu zinawaangukia wawili wasiojua kukataa, na wa tano au wa sita kodi inakwama na wakazi wanatawanywa kwa marafiki. Mwanamke aliyekwisha kuhamishwahamishwa na wakala anahamishwa tena, safari hii na watu aliowaamini.

Anwani nayo haikai siri kwa nia njema tu. Inavuja kwa simu yenye huduma ya mahali iliyoachwa wazi, kwa dereva aliyeleta mizigo, kwa mtoto aliyeandikishwa shule ya jirani, kwa mwanachama aliyemwambia mumewe. Na kuna upande wa sheria. Nchi nyingi hudai kibali maalumu kwa nyumba ya hifadhi, na baadhi huliona kosa kumpa makazi mtu asiye na hati halali. Kumbukeni pia kwamba Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, ambayo ndiyo msingi wa sheria nyingi za usafirishaji haramu wa binadamu duniani, inataja kumhifadhi mtu miongoni mwa vitendo vya msafirishaji mwenyewe. Ninyi hamna nia ya kumnyonya mtu, kwa hiyo si kosa lenu; ila wakili wa mwajiri atalitumia hilo kuwachafulia jina msipokuwa na karatasi zinazoeleza mnafanya nini na kwa ridhaa ya nani.

Badala yake, wekeni akiba ya malazi ya dharura: fedha za usiku kumi kwa watu wawili katika nyumba ya wageni ambayo mmekwisha kuikagua, na makubaliano ya maandishi na nyumba za hifadhi zilizopo. Kumlaza mtu nyumbani kwa mwanachama iwe marufuku, hata kwa usiku mmoja. Ndiyo kanuni itakayovunjwa mara nyingi kuliko zote, kwa sababu huruma haisomi katiba ya kikundi. Lakini mwajiri au wakala akija kumtafuta, atafika kwenye mlango wa nyumba yenye watoto wenu.

Kabla ya kumpeleka mtu kwenye nyumba ya hifadhi, ulizeni: Mlango unafungwa kwa ndani au kwa nje? Mkazi anaruhusiwa kubaki na simu yake? Anaweza kutoka, kufanya kazi, kuondoka akitaka? Watoto wa kiume wanapokelewa hadi umri gani? Kuna anayezungumza lugha yake? Je, sharti la kukaa ni kutoa ushahidi mahakamani? Zipo nyumba ambazo zinalinda kwa kufungia, na mwanamke aliyetoka kufungiwa hutoroka humo wiki ya kwanza. Halafu huandikwa kwamba hakushirikiana.

Vile vyumba vitatu vingefaa zaidi kama kituo cha mchana: masomo ya lugha, kompyuta moja, mahali pa kupumzikia siku ya mapumziko, meza ya kusaidia kusoma mikataba. Kibao cha nje kiseme masomo ya lugha, basi. Mwajiri anayemkataza mfanyakazi kwenda "shirika la haki" anaweza kumruhusu kwenda darasani, na anayeonekana akiingia hajajitangaza kuwa na kesi.

Sasa, huyo aliyetoroka. Msianze na historia yake. Anzeni na saa zake za karibuni. Yuko salama hapa alipo sasa? Nani anajua yupo hapa? Ameumia? Ana mtoto, huku au kwao, anayeweza kutishiwa? Katika siku tano zilizopita amelazimishwa kingono? Swali hili la mwisho ni gumu, ila lina saa inayokwenda. Dawa za kinga dhidi ya VVU, yaani PEP, lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopungua ni nafuu. Humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, navyo pia nguvu hupungua kadiri muda unavyokwenda. Mwelezeni hayo mawili hata kama hakujibu swali. Mnaweza kusema tu kwamba huduma hiyo ipo, ina muda wake, na mtu anaweza kusindikizwa leo. Jueni mapema ni kituo gani cha afya katika eneo lenu kinachotoa dawa bila kudai kwanza karatasi ya polisi, maana vingine hudai hata pale ambapo sheria haisemi hivyo.

Kama anafikiria kushtaki siku moja, nguo alizovaa siku ya tukio zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kila nguo na mfuko wake. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Kama hataki kupimwa kwa ajili ya ushahidi, matibabu yabaki haki yake vilevile. Mambo hayo mawili yasifungwe pamoja.

Simu yake msiitupe wala msiifute. Ndiyo kamba yake na familia, na mara nyingi ndiyo ushahidi pekee alio nao. Zimeni huduma ya mahali, angalieni kama akaunti zake zimefunguliwa kwenye kifaa kingine, badilisheni nywila kwa kutumia kifaa kisicho chake, kisha pigeni picha za skrini za ujumbe wote wa wakala na mwajiri, namba na tarehe zikionekana. Jumbe za sauti zihifadhiwe zilivyo. Laini mpya inunuliwe, ya zamani itolewe na kutunzwa. Kuna kosa moja la kawaida hapa: mtu wa kujitolea huchukua simu na kuishughulikia yote mwenyewe. Mikono iwe ya mwenye simu, ninyi mwelekezeni. Amekaa muda mrefu mahali ambapo mtu mwingine ndiye alishika kila kilicho chake.

Jambo jingine dogo ambalo limeokoa wengi ni orodha ya mizigo. Mwajiri wa kazi za ndani anapotorokwa, hatua yake ya kwanza mara nyingi ni kwenda polisi kusema ameibiwa dhahabu au fedha, au kuripoti kwamba mfanyakazi ametoweka kazini. Kwa hiyo siku hiyohiyo, yeye mwenyewe afungue mkoba, au aseme kwamba hana mkoba, mwandike kila kitu alicho nacho, muweke tarehe na saa, na yeye pamoja na mashahidi wawili watie saini. Karatasi ya nusu ukurasa. Bila hiyo, baada ya wiki tatu ni neno lake dhidi ya neno la mwenye nyumba.

Historia ndefu ingoje. Mtu aliyetishwa kwa muda mrefu hakumbuki mambo kwa mpangilio; tarehe huruka, vipande hukosekana, vingine hurudi baada ya kulala na kula vizuri siku kadhaa. Akihojiwa leo na katibu, kesho na mweka hazina, keshokutwa na mfadhili, kila mmoja akiandika yake, mtakuwa mmetengeneza maelezo matatu yasiyolingana, na upande wa utetezi hauhitaji zaidi ya hapo. Kesi moja iwe na msikilizaji mmoja na msaidizi wake, na maelezo rasmi yaandikwe mara moja tu, ikiwezekana mbele ya wakili. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2003 kuhusu kuwahoji wanawake waliosafirishwa kiharamu inatanguliza kutomdhuru anayehojiwa, na haichelewi kuonya dhidi ya kuahidi msichoweza kutimiza. Msiseme "utalipwa" wala "hutarudishwa." Semeni "tutakusindikiza kwa wakili," kama kweli mtamsindikiza.

Mkalimani asiwe ndugu yake, asiwe mtoto wake, na asiwe mtu aliyepatikana kupitia wakala au mwajiri. Jamii ya wahamiaji wa lugha moja mara nyingi ni ndogo, na aliyemleta anaweza kuwa binamu ya mkalimani. Anzeni kwa simu, bila kutaja jina. Waacheni wazungumze mambo ya kawaida dakika tano, kisha mkalimani atoke na mwanamke aulizwe kwa ishara rahisi, ndiyo au hapana, kama anamtaka. Mkalimani atafsiri kwa nafsi ya kwanza, asifupishe, asiongeze ushauri wake, na atie saini ahadi ya siri kabla ya kuketi.

Mtajuaje kama ni usafirishaji haramu au ni mgogoro wa kazi? Itifaki ya Palermo inataka mambo matatu yakutane. Kwanza kitendo: kuajiri, kusafirisha, kuhamisha, kuhifadhi au kupokea mtu. Pili njia iliyotumika: nguvu, vitisho, utekaji, ulaghai, au kutumia vibaya udhaifu wa mtu. Tatu lengo, ambalo ni unyonyaji. Kwa aliye chini ya miaka 18 njia haihitaji kuthibitishwa. Mtu mzima akiwa alikubali, ridhaa hiyo haihesabiwi iwapo njia hizo zilitumika. Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe, na hapo ndipo wengi huchanganya na magendo ya wahamiaji, ambayo ni kumvusha mtu mpaka kwa malipo na yana itifaki yake nyingine.

Shirika la Kazi Duniani nalo lina orodha ya dalili 11 za kazi ya kulazimishwa: kutumia udhaifu wa mtu, ulaghai, kuzuiwa kutembea, kutengwa, ukatili wa mwili na wa kingono, vitisho, kushikiwa hati, kuzuiliwa mshahara, utumwa wa deni, mazingira mabaya ya kazi na makazi, na saa za kazi kupita kiasi. Bandikeni orodha hiyo ukutani, ila msiitumie kama mizani ya kuamua nani asaidiwe. Aliyekatwa mshahara wa miezi miwili bila kutishwa na mtu si mhanga wa usafirishaji haramu, lakini anadai, na dai lake linaweza kufika kwenye ofisi ya kazi haraka kuliko kesi ya jinai inavyofika mahakamani. Kwa maoni yetu, vikundi vinavyomtia kila mhamiaji kwenye kapu la "manusura" vinawakosea wengi: jina hilo huleta polisi na nyumba zilizofungwa kabla mwanamke hajaulizwa anataka nini, na likikataliwa na maafisa anaonekana mwongo. Andikeni alichosema na mlichokiona. Jina la kisheria atalitoa wakili.

Kuhusu kuripoti. Kwa mtoto, katika nchi nyingi sheria hudai taarifa itolewe, ridhaa iwepo isiwepo. Kwa mtu mzima, kanuni ya kazi hii ni kwamba yeye ndiye mwenye uamuzi, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yako hatarini sasa hivi. Lakini sheria hutofautiana, na zipo zinazomlazimisha mtu yeyote mwenye taarifa aripoti. Kwa hiyo kabla ya kupokea kesi nyingine, mwombeni wakili awaandikie ukurasa mmoja: nani analazimika kuripoti, kwa nani, ndani ya muda gani, na kuna adhabu gani. Ukurasa huo ukishapatikana, mwanamke aambiwe kabla hajafungua kinywa, si baada: "Haya tutayatunza, haya, ukiyasema, sheria inatulazimisha kuyapeleka." Akijua hivyo, atachagua mwenyewe aanzie wapi. Ukimwambia baadaye, umemtega.

Hofu yake ya polisi huenda ina sababu. Akiwa hana kibali, kutoa taarifa kunaweza kumfikisha mahabusu ya uhamiaji. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2002 kuhusu haki za binadamu na usafirishaji haramu inasema manusura wasishtakiwe kwa kuingia au kukaa nchini kinyume cha sheria, wala kwa makosa yaliyotokana moja kwa moja na hali waliyosafirishwa ndani yake. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 unawapa angalau siku 30 za kupumua na kufikiri kabla ya kuamua kama watashirikiana na vyombo vya dola. Wakili ndiye atakayewaambia nchi yenu ina nini kinachofanana na hayo, na kama yeye mwenyewe amewahi kukiona kikitekelezwa. Kwa hiyo mfuatano ni wakili kwanza, polisi baadaye, na kama wapo maafisa waliofunzwa mahsusi, kwa hao badala ya kaunta ya kituo. Asiende peke yake hata mara moja.

Ubalozi nao ni wa kuombwa kwa tahadhari. Ndio wenye mamlaka ya kumpa hati ya dharura ya kusafiria, na afisa mzuri wa ubalozi husaidia mno kwa simu moja tu. Lakini msiupigie bila idhini yake. Kama ana sababu za kuomba hifadhi ya ukimbizi, serikali ya kwao kujua yuko wapi na analalamikia nini kunaweza kuwa ndiyo hatari yenyewe.

Pasipoti, kwa kawaida, ni mali ya serikali iliyoitoa; mwajiri hana haki ya kuifanya amana. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema katika kifungu cha 9 kwamba mfanyakazi wa ndani anayo haki ya kukaa na hati zake. Nchi nyingi hazijauridhia, hivyo angalieni kwanza kama sheria ya nchi mliyomo inasema hivyo yenyewe. Njia inayofanya kazi mara nyingi ni barua ya wakili yenye tarehe ya mwisho ya kurudisha, ikifuatiwa na afisa wa kazi au polisi. Msiende nyumbani kwa mwajiri kuidai. Wala msiende kumtoa mtu kwa kuvunja mlango, hata akiwapigia analia. Pigeni namba ya dharura au mpigieni afisa mnayemjua, mkae naye kwenye simu, na mwandike saa. Watu wa kujitolea wanaovamia nyumba hushtakiwa kwa kuingia kwa jinai, na aliyebaki ndani ndiye anayeadhibiwa.

Mshahara wake udaiwe kwa jedwali, si kwa kusimulia. Tengenezeni safu tano: mwezi, alichoahidiwa, alichopokea, alichokatwa na kwa sababu gani, na ushahidi. Tuseme alifanya kazi miezi 14, akalipwa mitano, na katika hiyo mitano miwili ilikatwa nusu kwa "gharama za wakala." Anadai miezi tisa kamili na nusu mbili, yaani mishahara kumi, kabla hamjagusa siku za mapumziko na saa za ziada. Ushahidi hutoka mahali msipopategemea: risiti za kutuma fedha nyumbani huonyesha miezi ambayo hazikutumwa, muhuri wa uhamiaji huonyesha siku aliyoingia, picha alizopiga jikoni zina tarehe ndani yake, na ujumbe wa sauti kwa mama yake wa "mwezi huu pia hawajanipa" una uzito kuliko unavyodhani. Madai ya kazi huwa na ukomo wa muda, na katika nchi nyingine ukomo huo ni wa miezi tu. Ulizeni siku ya kwanza.

Kumbukumbu zenu ziwe chache. Kila kesi ipewe namba. Majina na namba zake viandikwe kwenye daftari moja linalofungiwa mbali na mafaili, na wenye ufunguo wawe wawili. Faili lisiwe na mambo msiyoyahitaji: dini, historia ya ndoa, majina ya ndugu, isipokuwa yanahusika. Fomu ya ridhaa isiwe saini moja inayofungua kila kitu. Kila jambo lina saini yake: kumpeleka kwa daktari, kuzungumza na wakili, kutoa taarifa polisi, na kila moja anaweza kuifuta. Mahali panapovuja zaidi ni kundi la simu la wanachama. Mtu anaandika kwa furaha kwamba fulani amefika salama, anataja mtaa, mwingine anaweka picha, na ndani ya saa moja imesambaa kwa watu wasiojulikana. Kwenye kundi iandikwe "14 amefika," na hakuna zaidi. Picha msipige kabisa, hata za kuziba uso. Kiatu, mkono, pazia la dirisha, vyote hutambulisha kwa anayemtafuta.

Kazi itakayowapa nguvu kuliko nyumba ni ramani ya huduma. Ni jedwali tu: kliniki, wakili wa msaada wa kisheria, ofisi ya kazi, mshauri nasaha, nyumba za hifadhi, chama cha wafanyakazi wa ndani, ubalozi, ofisi ya ustawi wa jamii, maafisa wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji na wa wakimbizi kama wapo. Kwa kila moja andikeni saa za kazi, lugha zinazozungumzwa, karatasi zinazodaiwa mlangoni, malipo, jina la mtu wa kumwona na la anayemshikia nafasi akiwa likizo, na tarehe mliyohakikisha mara ya mwisho. Kila miezi mitatu mtu mmoja apige namba zote, pamoja na zile zinazodai kupokea usiku, azipige usiku. Mtashangaa ni ngapi hazipokei. Na mkimpa mwanamke karatasi yenye anwani mkamwacha aende mwenyewe, hesabuni kwamba hatafika: hajui njia, hana nauli, anaogopa mlinzi mlangoni. Rufaa ni kwenda naye, angalau siku ya kwanza.

Ninyi wenyewe mjiwekee mipaka kwa maandishi. Wawili kwa kila kesi, ili mmoja akichoka au akihamishwa na kazi yake asiachwe mtu hewani. Simu ya kikundi iwe moja, kwa zamu, si namba za binafsi. Hakuna kumkopesha mtu kutoka mfukoni. Fedha za mtu binafsi huzaa deni la shukrani, na hapo huwezi tena kumwuliza unataka nini ukapata jibu la kweli. Kila wiki mbili mketi na mshauri nasaha wa nje, hasa kwa kuwa wengi wenu mmeyapitia. Hilo linawapa jicho ambalo mtaalamu wa darasani hana, ila pia hadithi ya mwingine inaweza kuwaamshia yenu saa nane za usiku.

Sasa fedha. Kabla ya kumwandikia mtu barua, andaeni bajeti ya kazi hii niliyoieleza: nauli, vocha, mkalimani, vipimo na dawa, usiku wa dharura, ada za mahakama, picha na hati. Ni ndogo kuliko kodi ya mwaka. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila mara, na risiti ziandikwe namba ya kesi badala ya jina. Michango ya wanachama na vyama vya wafanyakazi wa ndani ni mahali pazuri pa kuanzia. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Ndani, lililoundwa Montevideo mwaka 2013, lina vyama wanachama katika nchi nyingi, na chama kilicho karibu nanyi kinaweza kuwapa mwanasheria hata kama hakina fedha. Jumuiya za dini hutoa, mradi msaada usiambatane na ibada. Mfuko wa hiari wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, ulioanzishwa mwaka 2010, hutoa ruzuku kwa mashirika yanayowahudumia moja kwa moja, lakini mtahitaji kwanza usajili na hesabu zinazokaguliwa, kwa hiyo hiyo ni hatua ya baadaye.

Mfadhili atakayedai majina, au kukutana na "mmoja wao" asikilize mkasa wake, aambiwe hapana, kwa adabu. Akiuliza mmeokoa wangapi, mpeni hesabu nyingine: mishahara iliyolipwa, pasipoti zilizorudishwa, waliofika kliniki ndani ya saa 72, waliopata wakili. Namba hizo zinaweza kukaguliwa, na hazimhitaji mwanamke yeyote asimame mbele ya watu.

Mwisho, akiamua kurudi kwao, iwe kweli ameamua. Mara nyingi kuna deni linalomsubiri: la wakala, au la shamba lililowekwa rehani ili asafiri, na wakala huyo anaijua nyumba ya wazazi wake. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lina mipango ya kurudi kwa hiari, na baadhi huambatana na msaada wa kuanza upya. Ombeni utaratibu huo uandikwe kabla ya tiketi kukatwa. Mkubaliane nani atampokea, atalala wapi usiku wa kwanza, familia itaambiwa nini na haitaambiwa nini, na jedwali la mshahara pamoja na hati ya uwakilishi vibaki kwa nani ili dai liendelee bila yeye kuwepo. Halafu pangeni tarehe za kupigiana simu, ya wiki ya kwanza, ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa tatu, na mwafikiane mtajitambulisha kama nani iwapo simu itapokewa na mtu mwingine.